Kijiti, kibrashi na kinyama: sampuli za ukeni zinaifanyaje kinga yako

Swali la msomaji: Habari za kazi, daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Majengo hapa Moshi, nauza mitumba Kiboriloni. Nimeombwa kujiunga na utafiti unaohusu kinga ya ukeni. Dada wa utafiti alinieleza kwamba watanichukua ute kwa kijiti cha pamba, watanisuuza kwa maji, watapitisha kibrashi kwenye mlango wa kizazi, halafu mara moja watakata kinyama kidogo. Mdogo wangu anaishi Sakina, Arusha, naye yuko kwenye utafiti mwingine wa mambo hayahaya, lakini yeye anachukuliwa kwa kijiti tu na siku nyingine anapewa kikombe. Mama mkwe anasema wakinikwangua huko watanimalizia kinga na nitaanza kuokota kila ugonjwa. Mume wangu ni dereva wa lori, anakaa njiani wiki mbili mbili. Naomba kujua: hivi vipimo vinapunguza kinga? Kwa nini wasichukue damu ya mkononi yakaisha? Na kama kinachotafutwa ni kimoja, mbona mimi na mdogo wangu tunachukuliwa tofauti?

Jibu: Dada, nianze na la mama mkwe, maana naona ndilo lililokushtua. Katika njia ulizozitaja hakuna inayoweza kumaliza kinga ya ukeni. Kinga hiyo haikai sehemu moja ambayo mtu anaweza kuikwangua ikaisha. Iko kwenye ute, iko kwenye bakteria wazuri wanaoufanya uke uwe na uchachu, iko kwenye tabaka za ngozi ya ndani, na iko kwenye seli nyeupe zilizotawanyika chini ya tabaka hizo. Vyote hivyo huendelea kujijenga upya, ukiwa sokoni, ukiwa umelala.

Lakini mama mkwe hajakosea moja kwa moja. Kibrashi na kinyama vinaugusa mwili kiasi cha kuuamsha, na kinyama kinaacha kidonda cha kweli. Kwa siku kadhaa pale mahali hapako kama palivyokuwa. Watafiti wanalijua hilo, tena linawasumbua kwa sababu mbili: kwa ajili ya usalama wako, na kwa sababu kifaa kikishaugusa mwili, sampuli inayofuata inaweza kuwa inapima ule mguso wenyewe. Hapo ndipo penye jibu la maswali yako yote matatu, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa kirefu.

Damu ya mkononi ingeturahisishia sote. Tatizo lake ni kwamba inaonyesha seli zilizo safarini. Sehemu kubwa ya seli za kinga za mlango wa kizazi, hasa zile seli T zinazokumbuka maambukizi ya zamani, zilishahamia pale na hazirudi kuzunguka na damu. Unaweza kumpima mwanamke damu ikasoma shwari, kumbe ukeni kuna uvimbe wa chinichini (si wa nundu, ni ule wa mwili kuwaka ukijilinda) ambao hata yeye hausikii. Na kinyume chake hutokea: mtu ana malaria, damu yake imechafuka, na ukeni hakuna habari hiyo.

Kwenye kingamwili, yaani zile protini za kujikinga na vijidudu, mambo yamechanganyika kidogo. Mate na utumbo vinatawaliwa na kingamwili aina ya IgA, lakini ukeni IgG ndiyo nyingi zaidi, na nyingi ya hiyo hupenya kutoka kwenye damu. Ndiyo maana chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, inayochomwa begani, ambayo Tanzania ilianza kuitoa kitaifa kwa wasichana mwaka 2018, inaweza kulinda mlango wa kizazi ulio mbali kabisa na bega. Ukisikia hivyo utasema basi damu inatosha. Haitoshi. Wanawake waliochanjwa walipopimwa ute wa mlango wa kizazi katika siku mbalimbali za mwezi, kingamwili za HPV zilionekana kushuka mara kadhaa karibu na siku za yai kupevuka, wakati zile za kwenye damu zilibaki karibu palepale. Aliyepima mkono peke yake asingejua kwamba kuna kushuka.

Sasa tuingie ndani. Uke na upande wa nje wa mlango wa kizazi vimefunikwa na tabaka nyingi za seli bapa zilizolaliana, na za juu hubanduka zenyewe kila siku. Ukipita kuingia kwenye kijia chenyewe cha mlango wa kizazi, unakuta tabaka moja tu ya seli ndefu zinazotoa ute. Pale aina hizi mbili zinapokutana ndipo saratani ya mlango wa kizazi hupenda kuanzia, na ndipo seli nyingi za kinga zilipojikusanya. Kwa hiyo kifaa chochote ukionyeshwa, usikihukumu kwa ukubwa wake. Uliza kinagusa wapi.

Kijiti kinagusa kuta za uke. Tunakiita cha pamba kwa mazoea tu, siku hizi vingi ni nailoni au poliesta. Kinazungushwa kwa sekunde chache, kinanyonya ute pamoja na protini na bakteria, na seli hai kinazobeba ni chache. Hukisikii sana, na wanawake wengi wanajichukua wenyewe nyuma ya pazia bila spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke. Kwa kinga yako hakina tatizo lolote. Kasoro yake iko upande wetu: kijiti kimoja kinarudi kimelowa, kingine kikavu, na nyuzi nyingine zikishakamata protini hazitaki kuiachia. Maabara makini hupima uzito wa kijiti na kichupa chake kabla, halafu baada, ili wajue kimebeba miligramu ngapi za ute. Wasipofanya hivyo, mwanamke mkavu ataonekana hana kinga na mwenye ute mwingi ataonekana amejaa.

Kusuuza ni hivi. Mhudumu anaweka spekulamu, anavuta maji ya chumvi kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, kwa kawaida mililita 5 au 10, anayamwaga taratibu juu ya mlango wa kizazi na kwenye kuta, anaacha kidogo, halafu anayavuta tena. Maji hayo yamepita kila mahali, kwa hiyo yanaleta picha pana kuliko kijiti. Lakini ute uliokuwemo ukeni kwa kawaida haufiki hata mililita moja, na kiasi chake hakuna anayekijua. Ni kama kumimina jagi la maji kwenye glasi ya juisi ambayo hukuona ilikuwa imejaa kiasi gani, kisha unaonja na kutaka kusema juisi ilikuwa na sukari kiasi gani. Zile protini za ishara ambazo seli hutumia kuitana, wenyewe tunaziita saitokini, nyingine ziko kwa kiasi kidogo sana. Zikishachanganywa na maji zinashuka chini ya uwezo wa mashine. Mashine inaandika "haionekani", na anayesoma kwa haraka anaandika "hakuna". Makosa mengi ya fani hii yamezaliwa kwenye pengo la maneno hayo mawili.

Naulizwa pia kama huko kusuuza si sawa na kule kujisafisha ndani ambako tunawakataza. Hapana. Maji ya chumvi ya hospitali, mara moja, baada ya wiki kadhaa, yanaondoa ute wa wakati ule na mwili unatoa mwingine. Kujisafisha kwa sabuni, limao au shabu kila siku ni jambo lingine kabisa, na nitalirudia.

Kikombe cha mdogo wako ni kile laini kinachofanana na kikombe cha hedhi. Anakivaa mwenyewe, kinakaa muda mfupi, ute unadondokea humo bila kuchanganywa na chochote, kisha kinawekwa kwenye kichupa kikubwa na kuzungushwa kwenye sentrifuji mpaka ute ukae chini. Kwa kupima saitokini na kingamwili mimi nakipenda kuliko kusuuza, kwa sababu kinachopimwa ni ute wenyewe. Hakikwangui kitu. Tatizo ni kwamba wapo wanaoogopa kukivaa, na seli hai za kutosha hakikupi.

Pengine unajiuliza kwa nini tunahangaika hivi na protini zisizoonekana. Kuna visa viwili ambavyo kila aliye kwenye kazi hii anavijua. Cha kwanza ni cha nonoksinoli-9, dawa ya kuua mbegu za kiume iliyouzwa miaka mingi. Kwenye maabara iliua hata VVU, kwa hiyo watu wakaamini jeli yake ingewakinga wanawake. Ikajaribiwa kwa wanawake waliokuwa wakiuza ngono nchini Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2000 yalikuwa kinyume: walioitumia, hasa waliotumia mara nyingi kwa siku, waliambukizwa zaidi. Baadaye, waliosuuza uke wa wanawake waliotumia dawa hiyo na kupima maji yale walikuta protini za uvimbe zimepanda. Uvimbe wa namna hiyo mhudumu anayechungulia kwa spekulamu anaweza kuupita kabisa. Na uvimbe unaita seli za CD4, aina ya zile seli T, ambazo ndizo VVU anazozitafuta.

Kisa cha pili ni cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Wanawake 889 walishiriki kujaribu jeli ya tenofoviri, dawa ya VVU, na mwaka 2010 ikatangazwa kwamba maambukizi ya VVU yalipungua kwa asilimia 39. Watu walishangilia, kisha wakajiuliza mbona asilimia 39 na si 80. Uchambuzi uliochapishwa 2018 uliwagawa wanawake hao kwa kuangalia saitokini za ukeni: wasiokuwa na uvimbe, jeli iliwakinga kwa asilimia 57, waliokuwa nao, asilimia 3. Dawa ile ile, wilaya zile zile. Sasa fikiria kama nusu yao wangechukuliwa kwa maji na nusu kwa kikombe, halafu namba zikachanganywa kwenye jedwali moja. Nani angekuwa na uvimbe na nani hana? Jibu lingetoka kwenye kifaa, si kwenye mwili.

Kibrashi sasa. Ni kile kile chembamba chenye manyoya laini ya plastiki kinachotumika kwenye kipimo cha Pap, kile cha kutafuta dalili za saratani ya mlango wa kizazi. Kinaingizwa kwenye kijia cha mlango wa kizazi, kinazungushwa mzunguko mmoja, kinatolewa. Hiki ndicho kinacholeta seli hai. Nyingi ni zile ndefu zilizofunika kijia, na kwenye seli nyeupe utakuta kwa wingi nyutrofili na makrofaji, wakati seli T ni chache. Tena zinataka haraka: zikae kwenye barafu, zifike maabara ndani ya saa chache, kwa sababu nyutrofili hazivumilii kugandishwa. Kwa hiyo ukiona dada wa utafiti anamhimiza dereva wa kupeleka sampuli, si wasiwasi wa bure.

Kichupa cha kibrashi kinapofika, kabla ya mashine yoyote unakiangalia kwa macho. Unakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kikiwa cheupe chenye ukungu na nyuzi za ute zinaning'inia kwenye manyoya, vizuri. Kikiwa na rangi ya waridi, damu imeshaingia, na wengine wanachovya kile kijiti cha kupimia mkojo ili wapate kiwango chake. Kikiwa chekundu kabisa unaandika kwenye fomu, na mara nyingi unakiweka pembeni. Damu inakuja na IgG yake, albumini yake na seli T zake, na ukiendelea kupima utakuwa umepima damu ile ile ya mkononi, ila kwa njia ndefu na isiyo na raha.

Ndiyo sababu mpangilio una maana. Kijiti kinatangulia, kusuuza kunafuata, kibrashi kinakuja baadaye, kinyama cha mwisho. Ukigeuza, kibrashi kikaanza, kila kinachofuata kitakuwa na damu na seli zilizobanduliwa. Siku hiyo ukiona wamegeuza una haki ya kuuliza, na mhudumu mzuri hatakasirika.

Baada ya kibrashi ni kawaida kuona matone ya damu kwenye chupi siku hiyo na pengine kesho yake. Mwili umekwanguliwa tabaka moja, unajibu kwa kupandisha ishara za uvimbe na kuleta seli nyeupe, kisha unatulia. Kwa mtu mwenye afya hilo halina madhara ya kudumu. Lakini kwa mtafiti ni mtego: akikuchukua Jumatatu, akakurudia Jumatano, hawezi kujua kama anampima yule wa kila siku au yule aliyekwanguliwa juzi. Utafiti uliopangwa vizuri unaacha wiki kadhaa katikati. Angalia ratiba kwenye fomu yako. Kama ziara za kibrashi zimebanana, uliza sababu.

Kinyama ndipo nataka ukae chini ufikirie. Kinakatwa kwa koleo ndogo, ukubwa wa milimita 3 hivi. Upande wa nje wa mlango wa kizazi hauhisi kukatwa kama ngozi inavyohisi, kwa hiyo wengi wanasema wamesikia kubanwa na tumbo la chini kuuma kidogo. Damu inazuiliwa kwa kukandamiza na shashi, au kwa kupaka nitrati ya fedha au dawa ya Monsel. Faida yake haina mbadala: kinaonyesha seli zilipo, ziko kina gani, zimekaa jirani na nani, na zile seli T zilizohamia pale zinapatikana kwa wingi kuliko kwenye kibrashi. Kijiti, maji na kikombe haviwezi kukuonyesha hayo hata uvichukue mara mia.

Gharama yake ni kidonda. Ukuta umefunguka, na mwili unapoponya unaleta seli nyeupe, zikiwemo za CD4. Yaani kwa siku zile lango liko wazi na VVU akija anakuta anachokitafuta kipo mlangoni. Kwa mwanamke anayeishi na VVU ambaye dawa hazijashusha virusi, kidonda hicho hicho kinaweza kuongeza virusi kwenye ute na kumhatarisha mwenzi wake. Ndiyo maana fomu zinataka kukaa bila tendo la ndoa, mara nyingi wiki moja hadi mbili, na bila kuingiza kitu chochote, hata kidole cha kujisafishia. Siku zilizoandikwa kwenye fomu yako ndizo za kufuata, usizipunguze kwa kuwa unajisikia umepona. Kidonda cha huko hukioni.

Hapa ratiba ya lori la mumeo inakuwa habari ya kitabibu. Mwambie dada wa utafiti waziwazi, wala usione aibu: tarehe ya kinyama ipangwe siku moja au mbili baada ya lori kuondoka, isiwe siku mbili kabla halijarudi. Mzee mwenyewe aambiwe mapema, kwa simu ikibidi, asije akafika amechoka na safari ya Holili akakuta habari mpya mlangoni. Na kama unajua moyoni kwamba akirudi hutaweza kukataa, basi kinyama kiache. Uliza kama unaweza kubaki kwenye utafiti kwa hizo njia nyingine. Wakikwambia haiwezekani, toka, na huduma zako za kliniki haziruhusiwi kuguswa kwa sababu hiyo. Nimeona wanawake wakikubali kinyama kwa kumwonea haya mhudumu aliyewahudumia vizuri. Heshima yake ipo, lakini haihitaji kulipwa kwa kinyama.

Wapo ambao kwao kinyama hakifai hata kama wamekubali: mjamzito, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aliye na maambukizi ya zinaa ambayo hayajatibiwa, aliye kwenye siku zake. Kama umewekewa kitanzi sema, maana nyuzi zake zinaning'inia palepale kibrashi kinapopita.

Tuje kwenye mambo unayoweza kuyafanya wewe kabla ya siku ya sampuli, maana uchafuzi mwingine hautoki kwa mhudumu. Utaambiwa usikutane na mumeo siku mbili au tatu kabla. Sababu si maadili. Shahawa zina saitokini zake mwenyewe, na zikifika ukeni mwili nao unazijibu, kwa hiyo kichupa kinakuwa na watu wawili ndani. Maabara nyingi hupima protini ya shahawa kwenye sampuli kabla ya kuiamini. Ukisahau ukakutana naye, sema tu, wakupangie siku nyingine. Hakuna atakayekugombeza, au kama yupo, yeye ndiye mwenye tatizo.

Kujisafisha ndani nilisema nitalirudia. Uke wenye afya una uchachu, pH kama 3.8 hadi 4.5, unaotengenezwa na bakteria wa jamii ya laktobasila. Sabuni na limao vinawavuruga, na wakipungua wanakuja wengine wanaoleta ule ute wa kijivu wenye harufu ya samaki. Maabara inaupima kwa darubini na kuupa alama kutoka 0 hadi 10, na kuanzia 7 tunasema bakteria wamevurugika. Si ugonjwa wa malaya, wanawake wengi wa ndoa wanao. Lakini unapandisha uvimbe ukeni, na tafiti zilizojumlishwa pamoja zimeonyesha unaongeza uwezekano wa kupata VVU kwa takriban asilimia 60. Kwa hiyo dada, ukilinganisha kibrashi cha mara moja na kidole chenye sabuni kila asubuhi, mama mkwe akemee cha pili.

Siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho iandike kwenye simu. Kama nilivyosema juu ya yai, kinga hupanda na kushuka ndani ya mwezi, na sampuli bila tarehe hiyo ni nusu ya habari. Vilevile taja njia ya uzazi unayotumia: sindano, njiti, vidonge, kitanzi. Homoni zinabadilisha ute na unene wa tabaka. Usiache njia yako kwa ajili ya utafiti, na usiogopeshwe na maneno ya vijiweni kwamba sindano inaongeza hatari ya VVU. Utafiti mkubwa uliotoa matokeo mwaka 2019, wenye wanawake 7,829 wa Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia, ulilinganisha sindano ya depo, njiti na kitanzi cha shaba na haukukuta tofauti kubwa ya maambukizi ya VVU kati yao.

Sasa wewe na mdogo wako. Mnachukuliwa tofauti kwa sababu maswali si yaleyale, ingawa kwa nje yanafanana. Anayetaka kujua bakteria na protini zinavyobadilika wiki hadi wiki anahitaji njia ambayo mwanamke anaweza kuirudia mara nyingi bila kuamsha mwili: kijiti na kikombe vinamtosha. Anayetaka kujua seli gani zinaishi pale na zinafanya nini hawezi kukwepa kibrashi, na akitaka kuona zilivyopangwa hawezi kukwepa kinyama. Mkipigiana simu jioni kulinganisha nani ana kinga nzuri mtadanganyana. Namba ya kikombe itakuwa kubwa kuliko namba ya maji hata kama ninyi wawili mko sawasawa.

Kuhusu haki zako sitakaa sana. Utafiti wa afya kwa binadamu hapa nchini unahitaji kibali cha kimaadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ndiyo yenye kamati ya taifa. Omba uone namba ya kibali kwenye fomu, ondoka na nakala yako ya Kiswahili, na uliza kama sampuli zitasafirishwa nje ya nchi na zitahifadhiwa kwa muda gani. Ukijitoa katikati, uliza pia zile walizokwisha kuchukua zitafanywa nini.

Ukiona damu inalowesha pedi nzima ndani ya saa moja, homa, ute wenye harufu mbaya, au maumivu ya tumbo la chini yanayozidi badala ya kupungua, piga namba iliyo kwenye fomu. Isipopokelewa nenda hospitali iliyo karibu, hata usiku, na fomu yako mkononi, ili daktari wa zamu ajue nini kilikatwa na lini.

La mwisho ni majibu, ambalo hukuliuliza ila utaliuliza. Majibu ya magonjwa ya zinaa, VVU na ule mvurugiko wa bakteria unapaswa kupewa, na matibabu pia, tena kabla ya kinyama. Namba za saitokini hutapewa, na usidhani wanakuficha: hakuna kiwango kilichokubaliwa cha kusema hii ni kinga nzuri na hii mbaya, kwa sababu kila maabara inachota kwa njia yake. Na kibrashi cha utafiti usikihesabu kuwa umeshapimwa saratani, hata kama kinafanana na cha Pap. Seli zake zimeenda kwenye mashine nyingine. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha HPV kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10, na kwa wanaoishi na VVU kuanzia miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Pale ambapo hakipo, kipimo cha siki, yaani kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kwa macho, kinafanyika kwenye vituo vingi vya serikali. Kwa kuwa utakuwa tayari umelala kitandani na spekulamu iko ndani, waulize kama wanaweza kukufanyia siku hiyohiyo bila kuharibu sampuli zao.